Jani la Mkungu

Faki, ulinambia: huyu mume, huyu mke,
ukauinua mfuko wa nailoni mbele ya taa.
Vijisamaki viwili, havijafika
urefu wa kidole changu cha shahada.
"Gurami, bibi. Wametoka Dar na boti ya asubuhi.
Mwenye rangi dume. Aliyepauka jike. Basi."

Nikakuamini. Mimi!
Miaka thelathini na mmoja wodi ya wazazi, Wete,
mikono hii imeipokea nusu ya Limbani na robo ya Jadida,
nimesema "mwanamme", nimesema "mwanamke"
kabla kitovu hakijakatwa.
Nikakuamini wewe, muuza vocha.

Miezi miwili namwita aliyepauka Bibi Harusi.
Amejibanza nyuma ya bomba la pampu,
na yule mwekundu, michirizi ya buluu
kama kanga ambayo haijaona maji,
anamfukuza kona hadi kona.
Nami nasema: ndoa changa, watazoeana.

Usiku uliokatika umeme nilisahau kifuniko.
Asubuhi mwekundu yuko sakafuni, mkavu kama dagaa.
Na siku ya tatu, Faki,
Bibi Harusi akaanza kuwaka.
Kwanza koo. Kisha ubavu, mstari kwa mstari,
wekundu ukamkolea kama hina ya kulala nayo.
Kumbe dume siku zote!
Aliivua rangi yake kwa kumwogopa mwenye nguvu.

Basi rangi si ushahidi.
Nikavaa miwani, nikavuta kigoda,
nikatazama pezi la mgongoni.
La dume limechongoka mwishoni, ncha ya kalamu.
La jike lina duara, ukucha uliokatwa vizuri.
Na jike aliyejaa mayai, mtazame kwa juu:
ametanuka mbavu zote mbili.
Hilo sikuhitaji kufunzwa.

Jike wa kweli alikuja Ijumaa, shilingi elfu nne.
Nikapunguza maji hadi shubiri moja,
nikazima pampu,
nikatia jani kavu la mkungu nililoliokota mbele ya posta.
Maji yakawa chai ya rangi.
Bi Time akachungulia mlangoni akacheka:
"Mkunga na mkungu! Mmekutana."

Dume akashika kazi.
Akapanda, akameza hewa, akatema povu,
povu juu ya povu, akalishonea vipande vya majani,
likawa kama la sufuria ya wali inayotaka kufurika.
Akamwita. Akamzungushia mwili, akampindua,
mayai yakapanda yenyewe,
madogo kuliko mbegu za mchicha.
Na papo hapo akamgeuka mkewe: toka!
Akamtafuna mapezi.
Nikamtoa jike kwa kikombe.
Maisha yangu sijapata kumtoa mama wodini nikamwacha baba.

Usiku kucha anaokota yanayodondoka
anayarudisha kwenye povu, moja moja, kwa mdomo.
Nikawakumbuka wale wa benchi la nje,
chupa ya uji mapajani,
wanaoniuliza "nini?" kabla ya "wazima?"
Huyu hakuuliza.

Siku ya pili vitoto vinaning'inia, mikia chini.
Siku ya nne vinaogelea, kope zilizokatika.
Nikamtoa na baba, maana njaa haijui nasaba.
Nikavilisha maji ya kijani
ya ndoo niliyoianika juani wiki nzima.

Sasa wiki ya tatu. Gurami huvuta pumzi juu, kama sisi,
na baridi ya pumzi ya kwanza huwaua.
Nikafunika tangi kwa kioo, juu ya kioo kanga,
nikabakisha upenyo wa jicho.
Kimoja kikapanda.
Kikagusa.
Kikashuka.

Nikatazama saa ya ukutani, mazoea hayo,
nikafungua daftari:
saa nne kasoro dakika saba. Hai.
Kwenye safu ya mume au mke
kalamu ikasimama. Nimeacha wazi.

Usiniletee mteja, Faki,
mpaka pezi lichongoke.