Jino la Kisanduku

Nilikinunua Nizwa, Ijumaa, mbuzi wakinadiwa nyuma yangu:
kisanduku cha msaji, mkono wa kaniki ukining'inia ubavuni
kama kanzu iliyosahauliwa msumarini.
Zahran muuza majambia alikuwa amekiwekea birika juu.
"Sijui ni nini. Labda mzinga wa nyuki."
Rial thelathini na tano. Sikubishana.
Mwenye njaa ya vitu hivi huonekana usoni,
na bei humsubiri.

Nyumbani Al-Hail, chumba cha baridi ya mashine,
wamejipanga wenzake thelathini na mmoja:
ya kukunja, mvukuto wake umetobolewa na mende;
ya shaba, haina jicho;
ya Mjerumani, shata yake hukohoa.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi kila moja naiandikia: namba, misumari, harufu.
Hiki hakikuwa na namba.
Harufu: siki, na gundi ya kwato.

Usiku wa tatu nilitia mkono ndani ya mkono wa kaniki,
nikapapasa kama mkunga.
Bakuli mbili, kutu tupu. Picha ilipigwa na kusafishwa
humo humo tumboni,
mteja akingoja na jua la Mutrah utosini.
Na kwenye fremu ya kushikia karatasi, chini kushoto,
kidole kikaingia pengoni: mbao imemegeka
upana wa punje ya mpunga.
Kila sura iliyopita hapa
ilitoka na jino hilo pembeni.

Nikaanza kusaka jino.
Albamu za Seeb, bahasha za Ibra, vyeti vya shule.
Watu waliniletea kahawa, halwa, na marehemu wao.
Sura mia na ushei. Jino, hakuna.
Za pasipoti zote zimepunguzwa:
karani mwenye mkasi alikata kingo nne
ili mtu atoshe kwenye mraba.
Ushahidi wangu ulifagiwa jioni fulani, miaka hamsini nyuma,
pamoja na maganda ya njugu.

Mama hukiita chumba changu makaburi ya macho.
Siku ile aliingia kutafuta chaja.
Akakiona. Hakusema "ndicho."
Alisema, "Yule Mbaluchi, Dadrahim, alitutoza nusu rial
kwa picha nne, na sisi ndio kwanza tumetoka Unguja,
tuna mabegi mawili na cherehani.
Wewe umelipa ngapi?"
Nikapunguza. "Kumi na tano."
"Umeibiwa."

Kisha akaketi kwenye stuli, bila kuambiwa,
akarudisha mtandio nyuma ya masikio,
mgongo wima, viganja magotini.
Karatasi hamna. Dawa ilikauka kabla sijazaliwa.
Nikaondoa kifuniko cha lenzi hata hivyo, nikahesabu
moja, mbili,
tatu,
nne.

Kwenye daftari, mahali pa namba, bado patupu.
Pembeni nimeandika kwa penseli:
hakupepesa.