Ukufi

Kabla sufuria haijafunikwa, mama huchota ukufi mmoja wa mchele
na kuutia kwenye kibuyu kando ya meko.
Asubuhi ukufi, jioni ukufi.
"Wa Mungu," husema, kisha hufunika, basi.
Hakuna anayeinama. Hakuna amina.
Jumamosi akina mama hupita na vikapu mgongoni,
kamba zimewakaza vipaji vya nyuso,
wanapanda ngazi za mawe za kijiji chetu kilichoning'inia mlimani,
na mchele ule, ukishauzwa, ndio mshahara wangu.

Mshahara wa muuguzi mmoja huko tambarare, siku tatu kwa treni,
ambako wagonjwa huniita Sista Lali
kwa kuwa Lalhmingmawii huwashinda ulimi.

Nilipoitwa, nilisema ndiyo upesi mno.
Ndiyo ya kanisani, yenye kwaya nyuma yake.
Ndiyo ya pili niliisema peke yangu
mbele ya kabati lenye vidonge kumi na vinne
na foleni iliyofika kisimani.
Hiyo ilinitoka kama jino.

Kisha mianzi ikachanua.

Ninyi msiokaa na mianzi mtadhani ni habari njema.
Kwetu huchanua mara moja katika ujana wa mtu na uzee wake;
panya hula mbegu, huzaana hadi usiku wenyewe unasikika ukitafuna,
na mbegu zikiisha hushuka mashambani.
Mpunga wa mjomba uliisha kati ya magharibi na alfajiri.
Pu Hrangdula, mtunza hazina, akaniandikia mstari mmoja:
"La mwezi ujao hatulijui. Omba."
Omba!
Niliikunja barua mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza
iliyokuwa ikiyumba.
Nikasema: Wewe uliyeniita,
mianzi hukuiona?
Hakunijibu. Usiku ule nilizalisha mapacha
kwa mwanga wa taa ya baiskeli.

Mwezi uliofuata fedha zikaja.
Pungufu, robo nzima pungufu, lakini zikaja.
Na mwezi wa baada yake.
Nikashukuru kama mtu ashukuruvyo mvua,
uso juu.

Nikaenda nyumbani likizo. Jumamosi nikabeba kikapu.
Nyumba ya saba ni ya Pi Saithangi, mjane.
Mlangoni mikia ya panya imefungwa mafungu mafungu
ikimngoja karani wa serikali anayeinunua.
Jikoni kinachemka kiazi cha msituni, kile kinachowasha koo.
Mchele haukuwamo chunguni.
Nikageuka kimya kimya. Akaniita kwa jina langu lote.
Akaleta kibuyu. Ukufi mmoja, nusu yake chenga.
"Bibi, huu siwezi kuuchukua."
"Nani kasema nakupa wewe?"
Akamimina,
akagonga kitako cha kibuyu mara mbili, ko, ko,
ili punje iliyonata isibaki.

Mungu hamtupi mja wake, tunasema.
Hatusemi ni nani aliyelala na kiazi kinachowasha
ili mja huyo asitupwe.
Nilidhani riziki hushuka.
Kumbe hupanda ngazi, mgongoni mwa mtu, ikihema.

Miaka tisa sasa. Simwelewi Mungu zaidi ya nilivyomwelewa;
namwamini tu, kwa haya kidogo,
kama mtu aliyeona mkono unaomlisha
na kucha zake zilizovunjika.

Leo kabati lina vidonge sita.
Foleni imekipita kisima.
Jioni nateleka wali wa mtu mmoja,
nachota ukufi kabla sijafunika.
Kibuyu sina. Natumia kopo la maziwa.
Ko, ko.