Unga wa Moto

Jomvu Kuu haikuwa na saa;
ilikuwa na mashine ya unga ya Mwinyikai.
Ikianza kukohoa, mama huinjika maji,
ikinyamaza, sisi tumechelewa chuoni.

Nilikwenda na mahindi, nikarudi na unga
u moto utosini
kama kiganja cha mtu aliyekusamehe.
Rukiya mlangoni, akiona nyusi zangu:
“Shikamoo, babu!”

Mkanda ulipokatika, mwaka wa mvua nyingi,
mji mzima ulisikia kaa
wakitembea matopeni, kule mikokoni.
Kumbe nao wana mlio.

Leo nimenunua unga wa paketi, pale Changamwe.
Nimeushika. Baridi.
Nyusi ni nyeupe tena, Rukiya,
na nikizipangusa
haziondoki.