Iondoe Kwanza

Kwanza iondoe kwenye jalada lake.
Ndiyo, iondoe. Hata mimi nilibisha,
mpaka ile ya kwanza ilipofika Rotterdam
jalada limechanika mgongo,
limepasuliwa na mwenyewe aliyelala ndani,
na mnunuzi akaniandikia sentensi moja tu, ya adabu,
iliyouma kuliko matusi.

Ikikaa ndani, kila kishindo inasogea,
kila ikisogea inakata.
Basi ilaze nyuma ya jalada, ndani ya mfuko wake mweupe,
vigusane migongo
lakini kila kimoja na kitanda chake.
Mama, aliyekuwa ananishikia solotepu,
alicheka peke yake.
"Hivyo hivyo," akasema,
"ndivyo mimi na baba yako tulivyofika uzeeni."

Maboksi nayapata kwa Msechu, muuza vioo wa Kiusa.
Muuza vioo ndiye anayejua boksi la kweli;
la sabuni ni legelege,
la mafuta ya kula linanuka mpaka Ulaya.
Kata vipande viwili. Kimoja mbavu zisimame,
kingine mbavu zilale,
ili mkono wa mtu asiyekujua ukitaka kukunja
ukute ubishi pande zote.
Kona ziachie nafasi ya vidole viwili.
Kona ndiyo goti la safari:
mzigo ukianguka, hutangulia yeye.

Zamani nilijazia majani makavu ya mgomba,
kama tunavyofunga mayai ya kupeleka Kibosho kwa shangazi.
Forodha ya huko ikaukalia mzigo wiki sita
ikitafuta mdudu.
Siku hizi ni magazeti.
Bwana mmoja wa Osaka ameniomba
nisiyafinyange sana: anayanyoosha, anayapiga pasi,
anatazama picha za tanzia
na kuniuliza, huyu alikuwa nani?
Wengine nawajua. Namjibu.

Santuri zenyewe ni za baa ya baba, pale Majengo,
mia mbili na kitu,
zilizosalimika na panya, na bomba lililopasuka,
na shemeji.
Nyingine zina duara la glasi juu ya jalada,
nyingine zina mwandiko wake:
*Isipigwe kabla ya saa nne usiku.*
Nikitangaza nasema yote, sifichi mkwaruzo:
upande wa pili, wimbo wa tatu, inaruka mara mbili.
Mnunuzi hachukii mkwaruzo.
Anachukia kuukuta mwenyewe.

Moja sijaitangaza. Tuiache hiyo.

Posta, karibu na mnara wa saa, yupo Bi Zamda,
miwani kwenye ncha ya pua.
"Humu mna nini?"
"Sahani."
"Za pilau?"
"Za muziki."
Anatikisa kidogo, asikie kama nasema kweli.
Gramu mia saba na tisini.
Nimeandika pande zote, kwa kalamu nyekundu,
USIKUNJE, USIKUNJE,
kwa Kiswahili na kwa lugha tatu
ninazozinakili herufi moja moja kama mtoto wa chekechea.
Bi Zamda anasoma, anaitikia kwa kichwa,
kisha ananyanyua muhuri
kama mtu wa Uru anayetwanga ulezi wa mbege,
anaushusha katikati, juu ya moyo kabisa:
puu!
Kaunta inaruka.
Puu! tena, tarehe haikuonekana vizuri.
Halafu gunia.

Nasimama kidogo, nikijifanya nahesabu chenji.
Gunia halisemi kitu.

Wiki tatu hivi, nne kama kuna sikukuu,
mtu nisiyemjua atalilaza boksi mezani
na kunyoosha mkono kutafuta kisu.
Kwa hiyo chini ya utepe wa kwanza kabisa
huwa naweka kikaratasi, kimekunjwa mara moja:
*Taratibu hapo na kisu, tafadhali.
Kuna aliyelala.*