Na Kadhalika

Kaanaeli, mtoto wa dada, ndiye aliyeniwekea,
akipangusa kioo cha simu kwa upindo wa sweta ya shule:
"Mama mdogo, hii haina picha, haina video. Ni maneno matupu."

Maneno matupu! Nikacheka.
Miaka kumi na tisa nimekaa kibandani hapa,
ng'ambo ya mahakama, Moshi mjini,
nikiuza maneno, ukurasa shilingi elfu,
na sijaona bado lililo tupu.

Nimechapa viapo vya waliopoteza vyeti,
mkataba wa kihamba kilichogawanywa mara tatu
mpaka mgomba mmoja ukawa na wenyewe wawili,
barua ya mzee Ndelamio kuhusu pensheni, nakala ya kumi na nne,
wasifu wa marehemu usiku wa kuamkia mazishi,
wana wamenizunguka, wanabishana:
aliugua, au aliugua kwa muda mrefu?

Nimo humo mote, kwenye kona ya kumbukumbu namba,
baada ya mkwaju: nk.
Ndeanka Kessy.
Wasomao hudhani ni na kadhalika.

Sasa kisanduku cheupe kinaniuliza: Unawaza nini?
Herufi mia tatu.
Kijiti kinawaka, kinazima, kinawaka,
kama mteja anayegonga meza kwa ukucha.

Nikaandika: Hodi.
Zimebaki 296.
Nikangoja. Hakuna aliyeitika.

Ndani walikuwa wakiongea.
Mmoja anaulizia tairi la pikipiki.
Mmoja ameandika usiku mwema, saa sita mchana.
Mama wa Songea anasema mvua imemkuta na unga juani,
na watu arobaini wamempa pole, arobaini!
kwa unga wasiouona.

Hodi, tena.
Ya tatu sikuipiga; mstaarabu hajui atageukia wapi
kama hakuna mlango.

Basi vidole vikaenda vilikozoea:
Yah: Mimi.
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Nikakwama. Nikafuta herufi moja moja,
maana simu hii haina karatasi ya kukunja na kutupa.

Nikatoka mlangoni kunyoosha mgongo.
Mlima ulikuwa umefunguka.
Wote barabarani walikwisha kuuona wakaendelea na yao,
muuza ndizi, karani wa hakimu, fundi saa.
Wa mjini hapa ukituuliza juu ya mlima tunakunyooshea kidole;
hatujawahi kudaiwa maelezo.
Nikarudi, nikaandika bila kukaa:

Leo mlima umetoka. Theluji imebaki kidogo, kama kile kipande cha sabuni kwenye kisahani ambacho unakionea huruma kukitupa na hakitoshi kufulia leso.

Nikabonyeza kabla sijaisoma,
mimi ninayesoma mara tatu hata risiti.

Wa kwanza: Nani kakuuliza?

Nikakaa na swali hilo.
Ni kweli, baba. Hakuna.
Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyenilipa,
hakuna aliyesema ondoa hapo, weka hapa, piga muhuri.
Nikatazama kioo kilivyochafuka kwa vidole vyangu.

Wa pili ni wa Sing'isi, kule Arusha:
Meru huku umejifunika gubigubi. Isalimie hiyo sabuni.

Nikacheka peke yangu, kwa sauti,
fundi saa akachungulia kuona nina nani.

Jioni akaja kijana, karatasi imelowa jasho:
barua ya kumwomba baba mkwe mtarajiwa
amsogezee siku ya kupeleka mbege.
"Andika tu kama kawaida, mama. Unajua inavyokuwa."
Ninajua.
Nimeshafika kwenye Husika na
vidole vikasimama.

"Wewe mwenyewe," nikamuuliza, "ungemwambiaje?"

Akanitazama kama umeme umekatika.