Ya Kwanza au ya Pili

Mwaka wa kwanza tulichunguzana sisi kwa sisi,
mapazia yamefungwa, joto la Machi,
mimi na Asnath Nangomwa goti kwa goti,
retinoskopu ikitetemeka mkononi mwangu
kama ufunguo wa mlevi.
Unapitisha ule mstari wa mwanga juu ya mboni:
ukienda nawe, ongeza lenzi ya kujumlisha;
ukienda kinyume, toa;
ukitulia, jicho zima likawaka rangi ya bibo bivu,
hapo umefika. Nyamaza. Andika.

Ilinichukua miezi minne kufika.

Mwaka wa tatu, kliniki, Masasi.
Kila mgonjwa kwenye daftari langu
alihitaji sahihi ya Bwana Mpotela,
ambaye hakusifu mtu. Alisema tu, "Rudia."
Nilimrudia mara tatu fundi cherehani wa Mkuti
aliyekuwa akimlipa mtoto wa jirani pipi
kwa kila sindano aliyomtungia uzi.
"Ya kwanza, au ya pili?"
"Ya kwanza."
"Na sasa? Ya kwanza, au ya pili?"
"Mwanangu, unanibana kama dalali wa mbuzi."
Lakini mbili na nusu ilipokaa puani
aliitazama mikono yake, kiganja, mgongo, kiganja,
akasema taratibu, "Kumbe nina kovu hapa."

Mpotela akasaini.

Mwaka wa mwisho nikapanda Newala na swali la utafiti.
Juni, msimu wa salfa.
Alfajiri mabomba yananguruma migongoni mwa watu,
unga wa manjano unapanda mikoroshoni,
na usioshika jani
unashika kope.
Nilikuwa na barua ya kibali, fomu za ridhaa,
na karatasi mia nne za kupimia machozi:
unaikunja ncha, unaitundika kwenye kope la chini,
dakika tano, unasoma milimita zilizolowa.
Chini ya kumi, jicho kavu.
Chini ya tano, kavu sana.

Bi Somoe Likuta, namba arobaini na saba,
alikaa kwenye kiti cha ofisi ya ushirika,
karatasi zikimning'inia machoni kama risiti.
"Nimezika waume wawili," akasema,
"hakuna aliyenipimia machozi kwa rula."
Kulia tatu. Kushoto nne.
"Sasa, ukishapima?"
Nikamweleza takwimu, jarida, mapendekezo kwa wizara.
Akasubiri.
Nikamweleza miwani ya kinga,
na kunawa uso kwa maji safi kila baada ya kupuliza.
"Maji," akasema,
akacheka kwa mara ya kwanza, akanionyesha ndoo
aliyoinunua shilingi mia tano, kutoka bondeni hadi pale.
Fomu yangu haikuwa na kisanduku cha kicheko kile.

Mama yangu anaishi hatua mia mbili kutoka ofisi hiyo.
Misimu kumi na minne amebeba bomba.
Ada yangu ilitoka humo, muhula kwa muhula,
na kila lenzi niliyojifunza kuiinua.
Ila kanuni inasema ndugu wa mtafiti hahesabiwi,
ataipotosha sampuli.
Nilikubali. Nilitia sahihi.
Watu mia mbili, macho mia nne,
na yeye hayumo.

Usiku wa mwisho nikamvika fremu ya majaribio,
nzito, ya chuma, iliyojaa skrubu kama baiskeli;
taa ya sola mezani,
ukurasa wa herufi ndogo nimeuegemeza kwenye sufuria.
"Ya kwanza, au ya pili?"
Alifumba, akafumbua, kama mtu aliyeamshwa ghafla.
Machozi yalimchelewa.
Nilizijua milimita zake bila karatasi.
"Ya kwanza, mama, au ya pili?"
"Zote unaonekana wewe," akasema.
"Andika unayoitaka. Ugali unapoa."

Rudia, angesema Mpotela.
Nikanawa mikono,
kwa maji kidogo.