Ziwa ni Kubwa, Mama

Tuling'oa viti vyote vya Kosta,
fundi wa Igoma akavipanga ukutani kama madeni.
Palipokaa abiria tukaweka kitanda,
jiko la gesi, tangi la lita hamsini,
na pazia nililolishona mwenyewe, likapinda.
Watoto wakasema: wazee wamekuwa konokono.
Sawa. Konokono halipi kodi.

Mimi nilidai kitu kimoja: sanduku jekundu.
Siku tatu nilikaa ukumbini Mkolani
nikimkandamiza kifua mdoli asiye na miguu,
thelathini, kisha pumzi mbili,
mkufunzi akinifokea: Mbuke, usimwonee huruma, bonyeza!
Luhende alicheka.
"Umestaafu ualimu, sasa unataka uganga?"

Nikalisukuma sanduku chini ya kitanda.
Nilidhani kulifunga ndiko kulitunza.

Tuliegesha jioni, mahali fulani baada ya Magu,
njia ya vumbi inapochoka kabla ya maji.
Pazuri, tukasema, hapana mtu.
Alfajiri ziwa lilikuwa na rangi ya sufuria
iliyosuguliwa kwa mchanga.
Luhende akashuka na ndoo.
Sikusikia ukelele. Nilisikia ndoo.

Bati la mtumbwi uliooza, limejificha matopeni,
lilimpasua kigimbi.
Damu haikutiririka. Ilikuja kwa vishindo,
kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka.

Sanduku!
Mkasi haumo: uko kwenye kopo la ndoano zake.
Glavu zimegandana kwa joto.
"Luhende, bandeji iko wapi?"
Akanitazama, midomo imepauka.
"Nilifungia paipu ya rejeta. Kule Kisesa."

Nikavua foronya, nikaikunja mara nne,
nikaiweka pale, na juu yake nikaweka uzito wangu,
kilo themanini na mbili alizozoea kunitania.
Mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Foronya ikalowa. Sikuifunua, niliongeza kanga.
Usichungulie, mkufunzi alisema,
jeraha si chungu cha maharage.

Simu nikaibana kwa bega. Zahanati ikapokea.
"Mko wapi?"
"Ziwani."
"Ziwa ni kubwa, mama."

Nikatazama. Maji. Mawe.
Mnandi juu ya jiwe, ameanika mabawa kama shati.
Miaka thelathini na minne nimefundisha jiografia,
nimelichora ziwa hili ubaoni kwa chaki ya buluu,
kila ghuba, kila kisiwa,
na sikujua jina la mahali nilipopiga magoti.

Akatokea kijana na punda na madumu.
"Hapa ni wapi?"
"Shikamoo, mama."
"Marahaba! Hapa ni wapi?"
"Nyabulenga. Kwenye mashine ya kusaga iliyokufa."
Nikayasema yote simuni, hata punda nilimtaja.

Dakika arobaini.
Mikono ikafa ganzi, nikabaki na mabega.
Luhende akaanza kuniomba msamaha wa mambo ya zamani,
ya mwaka wa mazishi ya mama, ya ng'ombe aliyeuzwa,
nikamwambia nyamaza, unatumia pumzi,
ingawa ule wa ng'ombe nilitaka aumalizie.

Muuguzi alikuja kwa pikipiki, mdogo kama wanafunzi wangu.
Hakunisifu. Alisema tu, "Usiachie bado,"
akavaa glavu zake.
Nyuzi kumi na moja.

Sasa mkasi unaning'inia msumarini kwa kamba,
fupi kiasi cha kutofika kwenye ndoano.
Rejeta ina kibano chake.
Na mlango, upande wa ndani, nimeupaka rangi ya ubao.

Kila jioni, kabla ya hata kuwasha jiko,
Luhende hushuka akichechemea,
humsalimu mtu wa kwanza, humuuliza,
hurudi, huandika: jina la mahali,
zahanati iko wapi, nani ana pikipiki.

Jana alikosea herufi mbili.
Nilishika chaki nimsahihishe,
nikairudisha.
Kwenye simu litasikika vilevile.